Simulizi za mapenzi ya chuo na chuo nilichokiona mimi: jibu refu kwa mdogo wangu

Mdogo wangu kamaliza form six mwaka huu, karudi JKT mweusi kama mkaa na sasa yuko nyumbani anasubiri majina ya vyuo, na kazi yake kubwa ni kusoma simulizi kwenye simu. Zile za magrupu ya WhatsApp, sehemu kumi na tano za mwanzo unapewa bure alafu pale mambo yanapokolea mwandishi anakwambia ili kuendelea lipia 1,000 kwa namba hii. Juzi usiku akanitumia kipande, binti wa mwaka wa kwanza anashuka kwenye basi na begi lake, anagongana na kijana mrefu mwenye gari, madaftari yanaanguka, wanainama wote kuyaokota, macho yanakutana. Chini yake kaandika, "Dada, hivi kweli chuo kiko hivi?"

Nilimjibu kwa voice note ya dakika tisa na bado nikaona sijamaliza, kwahiyo naandika hapa, najua wako wengi wanaosubiri kuripoti na kichwani wana picha ileile.

Kwanza mjue mimi sizichukii hizi simulizi. Nimekua nazo. Kabla ya simu za kushika kila mtu, mama mdogo alikuwa ananunua magazeti yenye hadithi za kuendelea, anakata ule ukurasa anaweka chini ya godoro, na mi nikitoka shule naenda kuchomoa nasoma mpaka pale panapoandikwa ITAENDELEA. Niliripoti chuo 2016 nikiwa na hizo hadithi kichwani kuliko nilivyokuwa na maelezo yoyote ya kweli, kwasababu nyumbani kwetu mi ndo wa kwanza kufika chuo, hakukuwa na wa kumuuliza. Simulizi ndo ilikuwa dada yangu mkubwa. Ndo maana nalichukulia hili kwa uzito.

Nianze na hela, maana hapo ndo pana uongo mkubwa kuliko hata kwenye mapenzi yenyewe. Kwenye simulizi hela haina tarehe. Watu wanakula pizza Jumanne, wanaenda bichi Jumamosi, binti anabadilisha nguo kila sura na hakuna anayeuliza imetoka wapi. Chuoni hela ina tarehe. Wakati wangu bumu, yaani hela ya kujikimu inayotoka kwenye mkopo wa serikali, lilikuwa 8,500 kwa siku, linaingia kwa mkupuo wa kama miezi miwili, unasaini unapokea kama 510,000. Ukiwa na miaka ishirini na hujawahi kushika laki tano yako mwenyewe unaona umemaliza maisha. Wiki ya bumu chuo kizima kinanukia chipsi kuku, wasichana wote wamesuka, wavulana wana raba mpya, na amini usiamini mapenzi mengi huanza wiki hiyo. Wiki ya sita watu wanapiga pasi ndefu, yaani unavumilia mpaka saa kumi jioni ndo unakula mlo mmoja uhesabike mchana na usiku, na wapenzi walioanza kwenye chipsi kuku wanaanza kutopokea simu. Nimeona mahusiano yakivunjika kwa kufuata kalenda ya bumu kabisa, na mwenyewe nimevunjwa moyo mara moja kwenye wiki ya saba, nikadhani sipendeki, kumbe kaka wa watu alikuwa anaona aibu hana hata nauli ya kuja tulipokuwa tunakaa.

Na hapa nina ugomvi na waandishi. Binti wa chuo akiwa na mzee mwenye hela kwenye simulizi sababu ni moja tu, tamaa. Kapenda iPhone, kapenda maisha ya juu, mwisho anaumbuka. Mwaka tulioingia sisi wengi walikosa mkopo, wengine walipata asilimia ndogo ya ada na bumu hakuna kabisa, na wale wasichana wawili watatu niliowajua mimi walioanza na masponsa hawakuanza kwa iPhone, walianza kwenye zile wiki za pasi ndefu. Mmoja alianza kwasababu mwenye nyumba alikuwa anataka kodi ya miezi sita na baba yake hapokei simu. Sisemi walifanya vizuri. Nasema ukimwandika kama mtu wa tamaa, msomaji aliyeko kijijini anajiambia "mi sina tamaa, hainihusu," alafu siku njaa inamkuta hajajiandaa, maana alijiandaa na tamaa.

Kwahiyo mdogo wangu, siku bumu likiingia, kabla hujajibu meseji ya mtu yeyote lipa kodi kama umepanga, nunua mchele, unga, mafuta, maharage na sabuni vya mwezi na nusu, jaza gesi, alafu kiasi kingine mtumie mama akutunzie, mwambie asikupe kabla ya wiki ya tano hata ukilia. Na kumbuka lile ni deni. Saivi mi kila mwezi nakatwa 15% ya mshahara kulirudisha, na kuna miezi nikiangalia salary slip nakumbuka kabisa ni chipsi zipi nazilipia.

Jambo la pili, kwenye simulizi hakuna anayesoma. Kuna "lecture ilipoisha", kuna "walikutana library", basi. Ukweli ni kwamba semista ni kama wiki kumi na tano za kufundishwa alafu UE, mtihani wa mwisho wa semista, na ndani yake kuna testi mbili kila somo, asaimenti za mtu mmoja mmoja, za grupu, prezentesheni, na kwetu alama 40 zilitoka huko na UE ilikuwa 60. Mi semista ya kwanza niliishi kama niko kwenye simulizi, nikapata sapu mbili. Unajua sapu ni nini? Ni mtihani wa kurudia somo ulilofeli. Wenzako wameenda likizo nyumbani, we unabaki na madesa, zile noti za kopi, unarudia kusoma kitu ulichokuwa nacho tangu Novemba, hosteli kimya, kafeteria imefungwa, ukifeli tena unakeri, yaani unalibeba somo ulirudie mwaka unaofuata, na kwetu GPA, wastani wa alama zako, ikianguka chini ya 2.0 unadisko, unaondolewa chuo, unarudi nyumbani na godoro lako. Sijawahi kusoma simulizi ambayo mhusika anadisko. Wanapigwa risasi, wanapata ajali, wanarogwa, lakini hakuna anayedisko, wakati kwenye darasa letu hiyo ndo ilitenganisha wapenzi wengi kuliko usaliti.

Sasa nifike kwenye lile lililonifanya nikae chini kuandika, yaani lekchara.

Kama unasoma simulizi za chuo unamjua huyu mtu. Kijana bado, mkali, anaogopwa, suti nzuri. Anamwita binti ofisini. Binti anatetemeka. Anamfelisha testi makusudi ili aje ofisini, anamnunia akimwona na wavulana, kumbe anampenda, na sehemu ya 60 wanaoana na chuo kizima kinapiga vigelegele. Nimesoma kama tano za hivyo na kipindi hicho nilizipenda, nitakuwa muongo nikikataa.

Nilikaa chumba kimoja na binti mmoja, jina lake namwachia mwenyewe. Mwaka wa pili alama zake za testi za somo moja hazikuonekana. Akaenda kuuliza, akaambiwa aje saa 12 jioni. Akaenda, akaambiwa hapa ofisini si mahali pazuri pa kuongelea, tukutane mjini. Akarudi chumbani akakaa kitandani kwangu, na alichoniuliza sijakisahau mpaka leo, aliniuliza, "Hivi unadhani ananipenda?" Hakuuliza nikashtaki wapi. Hakuuliza nifanyeje nipate alama zangu. Karibu wiki mbili tulikaa tunachambua meseji za yule mtu kama tunachambua simulizi, amesema "pole" maana yake nini, mbona amenitumia saa tano usiku, labda ni mpweke. Na mimi nilikuwa namsaidia kuchambua. Tulikuwa na miaka ishirini na moja na jambo lile tulikuwa tumeshalisoma mara nyingi, na kila tulipolisoma lilikuwa linaitwa mapenzi. Hakwenda mjini. Somo lile alikeri, akalirudia mwaka uliofuata, akachelewa kumaliza mwaka mzima, na kwao aliwaambia aliumwa.

Jina la kile kitu ni rushwa ya ngono. Kiko kwenye Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya 2007, kifungu cha 25, mtu mwenye mamlaka akitumia nafasi yake kudai ngono ili akupe haki yako ni kosa la jinai, na sheria ilivyotungwa mwaka huo adhabu ilikuwa jela miaka mpaka mitatu au faini au vyote. Mi nilikijua hicho kifungu nikiwa nimeshaajiriwa. Simulizi tano nilizijua kwa majina ya wahusika wote, kifungu kimoja sikukijua.

Kwahiyo fanya hivi. Kila karatasi ya testi ukirudishiwa ipige picha siku hiyohiyo. Asaimenti ukikusanya baki na kopi na ujisaini kwenye ile karatasi ya CR, kiongozi wa darasa. Alama zako zikipotea usiende peke yako, nenda na mwenzako na nenda saa za kazi, alafu andika barua kwa mkuu wa idara ubaki na nakala iliyogongwa muhuri. Meseji usifute hata kama zinakutia kinyaa. Vyuo vingi saivi vina dawati la jinsia, na TAKUKURU wana namba ya bure 113. Na kama mtu anakupenda kweli atasubiri asiwe ndiye anayesahihisha karatasi yako, hilo halina mjadala.

Kondomu nitapita haraka kwasababu najua mama anasoma. Kwenye simulizi taa inazimwa, asubuhi wanakunywa chai. Hakuna anayepima, hakuna anayevaa, na akishtuka sana anameza P2 basi yamekwisha. P2 inasaidia kwenye mimba ndani ya saa 72 na ukiiwahi ndo inafanya kazi vizuri zaidi, lakini haizuii Ukimwi hata kidogo. Ukihisi umejiweka hatarini nenda hospitali ndani ya hizohizo saa 72 uulizie PEP, dawa za siku 28 za kuzuia usiambukizwe VVU, usione aibu. Alafu yule binti wa kwenye simulizi anayepata mimba akafukuzwa chuo, huyo mi sikuwahi kumwona. Niliowaona waliandika barua ya kuahirisha masomo, wakajifungua, wakarudi, mmoja alikuwa anafanya UE mama yake kakaa nje chini ya mti na mtoto. Ilikuwa ngumu mno, ila alimaliza.

Lakini mdogo wangu aliuliza kama kweli, na ziko kweli. Maroommate wanavyoandikwa ni kweli kabisa, kule kugombana kwa ajili ya sufuria na kesho yake mnalia wote kwasababu mmoja kaachwa. Kubebana ni kweli, tulilala wawili kitanda cha futi mbili na nusu mwaka mzima kwasababu mwenzangu alikosa hosteli, na yule ndo msimamizi wa harusi yangu. Vimbweta usiku, zile meza na viti vya nje vya kusomea, ni kweli pia, nusu ya watu wanapiga msuli, yaani wanasoma kwa nguvu, na nusu wanapendana na mara nyingine ni walewale.

Na mapenzi yapo. Ila hayakuja kwa kugongana. Yangu yalikuja kwenye grupu la asaimenti la watu nane ambapo waliofanya kazi tulikuwa wawili. Kijana kimya, hana gari, hana hata baiskeli. Alikuwa anakwenda stationari mapema kabla foleni haijawa ndefu, anatoa kopi za madesa mbili, moja nakuta kanipigia mstari sehemu zinazotoka kwenye mtihani. Kipindi nasoma kwa ajili ya zile sapu alinitumia nauli 5,000, na ilikuwa wiki ya saba ya bumu, najua alikula nini siku hiyo. Tulikaa pamoja mwaka mmoja na nusu. Hatukusalitiana, hakuna aliyekuja na mimba ya mtu. Tulienda fildi, mafunzo ya kazi kwa vitendo, yeye Mtwara mimi Bukoba, wiki nane, vocha ikawa shida, meseji zikapungua, tuliporudi tukawa tunasalimiana vizuri tu na kila mtu anajua.

Hilo halijaandikwa bado. Wiki nane za fildi, watu wawili wanaopendana na hakuna mwenye kosa. Mwandishi yeyote anayesoma hapa akiliandika, mi nitalipia sehemu zote, na mdogo wangu nitamlipia.