Kwa mdogo wangu anayekwenda kambi ya kwanza ya NFL

Nimefanya kazi misimu mingi kwenye chumba cha vifaa cha timu ya chuo huku Marekani, nikigawa helmeti na jezi, na vijana waliopita mikononi mwangu wakafika NFL, ligi ya kulipwa ya futiboli ya Kimarekani, ni wa kuhesabika. Siku hizi miongoni mwao nasikia Kiswahili: watoto wa Goma, Bujumbura na Nairobi waliokulia Iowa, Texas na Maine. Nawaandikia ninyi.

Anzeni na hesabu. Julai kambi inafunguliwa na wachezaji 90. Mwisho wa Agosti wanabaki 53. Hao 37 wanaofungasha virago nao walikuwa nyota vyuoni kwao, kwa hiyo usitarajie mtu akushangae. Kwenye paji la helmeti utabandikiwa utepe mweupe ulioandikwa jina lako kwa kalamu ya wino mzito, maana makocha bado hawakujui. Usione vibaya.

Watakujua kwa lipi? Hapa ndipo wengi wanapopotea. Mdakaji, yule anayekimbia mbele kupokea pasi, anafika akiota pasi ndefu, wakati mbele yake wapo wadakaji wenye mikataba minono. Mlango wa mgeni ni kikosi maalumu: wale wanaoingia mpira unapopigwa teke, wanatimua mbio kumwahi anayeupokea, kisha wanatoka. Siku ya mechi timu haivishi zaidi ya watu 48, na kocha hana jezi ya kumpa anayekaa benchi akisubiri mwenzake aumie. (Kama wewe ni mrusha pasi, ruka aya hii, mambo yenu ni mengine.) Mtazame Matthew Slater wa New England Patriots. Kwenye orodha aliandikwa mdakaji, akacheza misimu 16, na pasi aliyodaka ni moja tu, mwaka 2011. Kwa kazi ya kikosi maalumu peke yake alichaguliwa Pro Bowl, mchezo wa nyota wa ligi, mara 10 na ana pete tatu za ubingwa wa Super Bowl, fainali ya ligi. Na Daniel Adongo, mwanaraga wa Kenya aliyesajiliwa na Indianapolis Colts mwaka 2013 bila kuwahi kucheza mchezo huu, aliingia uwanjani kwa mlango huohuo.

Basi kwenye kikao cha kikosi maalumu, ambako wengine husinzia, kaa mstari wa mbele. Jifunze kazi yako, kisha ya aliye kulia kwako na ya aliye kushoto. Kocha atasimamisha video pale ulipopunguza mwendo hatua mbili kabla ya filimbi. Atairudisha nyuma, ataicheza tena, chumba kizima kikikutazama. Usijitetee. Sema "sawa kocha", na kesho yake zile hatua mbili zionekane.

Fedha. Mwaka 2025 kima cha chini cha mchezaji wa mwaka wa kwanza kilikuwa dola 840,000, na ndugu watakuwa wamekisoma. Wasichokisoma ni kwamba mshahara huo unahesabiwa kwa wiki ulizokuwamo kikosini, kwamba ukiachwa Agosti haukuhusu, na kwamba utakatwa kodi ya serikali kuu na ya majimbo kadhaa unakocheza, halafu wakala achukue hadi asilimia 3. Simu ya mjomba itaingia kabla ya mshahara. Mwambie mapema, kwa heshima zote: shikamoo mjomba, mpaka Septemba mimi niko kwenye majaribio. Nyumba ya ukoo isubiri.

Kichwa nacho. Ukigongwa ukaona maluweluwe, sema. Nimewaona vijana wakificha kwa kuogopa nafasi yao kuchukuliwa. Pengine itachukuliwa kweli, sema hivyohivyo. Chris Borland aliacha mchezo mwaka 2015, ana miaka 24, baada ya msimu mmoja mzuri na San Francisco 49ers, kwa kuhofia ubongo wake. Mimi sikumwona mwoga.

Shule usiiache njiani. Alan Page alisoma sheria huku akiichezea Minnesota Vikings, akahitimu 1978, na mwaka 1993 akaanza kazi ya ujaji katika Mahakama ya Juu ya jimbo hilo. Kama umebakiza kozi mbili tatu za shahada, mwone mshauri wa masomo kabla hujafunga begi, mpange utazimalizia muhula gani msimu ukiisha.