Mshtuko wa moyo siyo wa wazungu tu

Hapana mkuu, hiyo ya kusema mshtuko wa moyo ni ugonjwa wa wazungu na wenye hela siyo kweli, Salim Yusuf wa chuo cha McMaster kule Kanada na wenzake walishalipima hilo, utafiti unaitwa INTERHEART ulitoka kwenye jarida la Lancet 2004, nchi 52 na Afrika imo, wakakuta mambo 9 tu yanaeleza kama asilimia 90 ya hatari na ni yaleyale kila bara. Sigara na mafuta mabaya kwenye damu ndo vinaongoza, halafu presha, kisukari, kitambi, msongo wa mawazo, kutokula matunda na mboga, kukaa bila mazoezi. La tisa pombe, walikuta wanywaji wana nafuu kidogo ila hilo linabishaniwa sana usije ukalifanya kisingizio cha kwenda kunywa uraka wa mabibo 😂

Mi nipo maabara hapa Masasi, wembamba kabisa wanakuja sukari ipo juu. Ila ule utafiti ni wa mshtuko wa kwanza wa moyo, kiharusi walikichunguza kivyake baadae.