Nani anamwogopa nani?

Kovu la mkononi mwangu ni la chai. Kwa miaka mitatu niliwaambia wenzangu wa steji ya bodaboda hapa Busia, Uganda, kwamba chupa ilipasuka. Waliamini. Nani angemdhania mke wangu, anayenifika begani, kwamba alinimwagia kwa sababu hesabu ya siku ilipungua?

Kabla ya chai ilikuwa simu. Namba ya siri ya pesa za simu anayo yeye, ujumbe wangu anausoma yeye, na dada yangu akipiga lazima niweke spika. Niliita wivu wa mapenzi. (Wivu tunausifu mno, tena kwenye harusi.)

Mwenyekiti wa LC1, yaani baraza la kijiji, alinicheka: "Mwanaume mzima?" Kumbe Sheria ya Ukatili wa Majumbani ya 2010 haichagui jinsia. Inagusa kipigo, ngono ya nguvu, vitisho, matusi, hata kumbania mtu riziki. Mahakama ya LC yaweza kusikiliza, na hakimu hutoa amri ya ulinzi. Sikuyajua hayo, na nadhani hata mwenyekiti hakuyajua.

Sisemi wanaume ndio tunaoumia zaidi. Wanawake ndio wengi, na ndio wanaozikwa.

Kuna rafiki yangu aliyekuwa akiishi na mwanaume mwenzake. Yule hakuwa na haja ya kumpiga sana. Alimwambia tu, "Ukiondoka, nitakutaja." Kwa sheria ya 2023 dhidi ya mapenzi ya jinsia moja, kutajwa kunaweza kumfikisha mtu kwenye kifungo cha maisha; sasa rafiki yangu angekwenda kusema nini polisi? Mwaka 2024 Mahakama ya Katiba ilifuta kipengele kilicholazimisha watu kuripoti wenzao, ila adhabu ikabaki. Alinijia usiku na begi lenye shati mbili na chaja. Nilimtandikia mkeka, nikanyamaza.

Basi ukisikia ugomvi wa jirani, usipime nani ana misuli. Tazama nani anashusha sauti mlango ukibishwa, nani anaomba ruhusa ya kwenda kwa mama yake. Usiende kumkabili mkosaji; mwathirika ndiye atakayelipia ukishaondoka. Muulize yeye anataka nini, faraghani, na simu yake ikiwa mbali.

Kama ni wewe, pitia kliniki waandike majeraha, hata kama hujaamua kushtaki. Weka nauli na kitambulisho nje ya nyumba. Changu nilimwachia mama muuza chapati pale steji. Hakuuliza kitu, alikiviringisha kwenye nailoni, akakizika ndani ya ndoo ya unga.