Wamenipangia ibada ya shukrani, na mimi moyo umenikauka

Shangazi, shikamoo. Mimi ni mkunga, nimestaafu mwaka huu baada ya kufikisha miaka 60. Nimefanya kazi Bahi, kisha Chamwino, na sasa nipo Kongwa nilikojenga. Mume wangu alifariki miaka minne iliyopita. Kanisani wamenipangia ibada ya shukrani mwezi ujao. Sare za kitenge zimeshashonwa, watoto wanakuja kutoka Dar es Salaam na Mwanza. Kila ninayekutana naye ananiambia, "Mshukuru Mungu, umemaliza salama." Shangazi, mimi hiyo shukrani siisikii. Naamka saa kumi na moja alfajiri kama nawahi zamu, naoga, navaa, halafu nakaa kitandani. Ninachokumbuka zaidi ni mama mmoja wa Bahi aliyevuja damu usiku wa mvua. Korongo lilijaa, gari la wagonjwa likashindwa kuvuka. Mtoto alipona, yeye akafa mikononi mwangu. Nikisimama madhabahuni nitasema uongo. Niahirishe? Tena mwanangu wa kwanza anataka niuze nyumba nihamie kwake Dar. Mama Mkunga, Kongwa.

Marahaba mdogo wangu, na pole sana. Ibada usiiahirishe. Na uongo usiuseme.

Mumeo alipofariki, watu walikuja wakalala kwako, wakapika, wakalia na wewe. Kazi ilipokwisha ulikatiwa keki, ukapigiwa makofi, ukaambiwa nenda kapumzike. Hakuna aliyekuuliza kama kuna kitu kinakuuma. Kwa hiyo ule uchungu ukabaki ndani, na juu yake watu wanapanga viti na kukodi maturubai. Lazima moyo ukauke.

Fungua Zaburi ya 71. Ni sala ya mtu aliyezeeka. Anamwomba Mungu asimtupe nguvu zinapomwishia, analalamika kwamba adui zake wanamsema, anakiri kwamba Mungu amemwonyesha taabu nyingi, mbaya sana. Kisha, katika sala hiyo hiyo, anachukua kinanda na kumsifu. Hakusubiri malalamiko yaishe ndipo ashukuru. Ukisimama mbele ya kanisa ukasema, "Nimetumika, nimechoka, kuna mama mmoja sijamsahau, na bado Mungu amenishika," hapo utakuwa umeshukuru kuliko yule anayesoma orodha ya baraka kwenye karatasi.

Na yule mama wa Bahi ana nafasi katika ushuhuda wako. Usimtaje jina, usitaje kijiji, ndugu zake wasije wakaumizwa. Waambie tu kwamba ulikuwepo, ulifanya ulichoweza, na korongo likakushinda. Wewe unajua kuliko mimi jinsi mzazi anavyoweza kutokwa damu akaisha kwa muda mfupi, na kwamba pasipo damu ya kuongeza na pasipo gari, mikono ya mkunga mmoja ina mwisho wake. Umejibebesha kifo hicho miaka yote kana kwamba mvua uliinyesha wewe. Kabla ya ibada mtafute mchungaji, kaa naye peke yenu, mweleze yote, akuombee. Jambo hilo lisitoke mdomoni mwako kwa mara ya kwanza kwenye kipaza sauti.

Kisha mkumbuke na yule mtoto. Amekua mahali fulani. Wako pia wale wengine wote uliowapokea usiku, ukainamisha sikio tumboni kwa mama zao kusikiliza mapigo kabla hawajaona mwanga. Anza na mmoja unayemkumbuka vizuri, mshukuru Mungu kwa ajili yake huyo mmoja, tena kwa sauti, hapo hapo kitandani unapokaa alfajiri. Kesho mwingine. Kushukuru kwa jumla jumla kunamchosha mtu aliyeumia.

Sasa niseme la fedha, hata kama hukuniuliza. Mafao ya mkupuo yakishaingia, kila mtu ana ushauri. Watu watataka ng'ombe wawili badala ya mmoja. Atatokea na mtu wa kukuhimiza upande mbegu kubwa ili Mungu akufungulie. Mdogo wangu, Mungu hakudai. Peleka kuku na debe la karanga, vipigwe mnada baada ya ibada kama tunavyofanya siku zote huku kwetu, mle wali na mcheze muheme, ngoma yetu ya Kigogo, basi. Pensheni ya mwezi haitoshi kuziba pengo la sherehe, na mwakani bati likivuja wale waliokula ng'ombe hawatakuwepo.

Kuhusu zile alfajiri zako: katika kitabu cha Hesabu, sura ya 8, Walawi, waliohudumu katika hema la ibada la Waisraeli, waliambiwa wakifika miaka 50 waache kazi nzito ya hema. Hawakufukuzwa hemani. Waliruhusiwa kuendelea kuwasaidia ndugu zao, ila mzigo ule hawakubebeshwa tena. Mimi naona hapo pana kazi yako. Wodini usirudi kusimamia vijana, wodi ina wenyewe sasa, na mstaafu anayekuja kukosoa zamu anachukiwa haraka. Ila hapo kanisani wapo mabinti wenye mimba ya kwanza ambao hawajui kwamba kichwa kuuma sana, uso kuvimba au kuona maruweruwe ni hatari, na kwamba damu ikitoka hata kidogo hawapaswi kusubiri hadi kesho. Keti nao baada ya ibada, chini ya mti. Wasisitize wahudhurie kliniki mapema, na wanaokaa ng'ambo ya makorongo wasogee karibu na kituo kabla mvua hazijakaza. Hakuna wa kuwaeleza hilo vizuri zaidi yako.

Mwanao anakupenda, na wito wake upokee kwa heshima. Lakini soma habari za Barzilai, 2 Samweli 19. Alikuwa na miaka 80. Mfalme Daudi, ambaye Barzilai alimlisha wakati wa shida, akamwita waende wote Yerusalemu akatunzwe. Mzee akashukuru, akakataa, akaomba abaki mjini kwake lilipo kaburi la baba yake na mama yake. Akamtoa Kimhamu, mtu wa kwake, aende badala yake. Hukumu yangu ni hii: nyumba usiiuze. Umeondokewa na mume, umeondokewa na kazi, usiongeze na majirani na kanisa kwa mkupuo mmoja. Nenda Dar mwezi mmoja, ucheze na wajukuu, urudi. Likizo ya Juni waje wao Kongwa. Ukifika wakati huwezi kujipikia, mtazungumza upya.

Jambo la mwisho, nakuambia kama ningemwambia mgonjwa wako. Hukuniandikia kama unalala vizuri wala kama unakula. Kama usingizi na hamu ya chakula vimekupotea kwa wiki kadhaa, usiishie kwenye maombi tu. Nenda dirisha la wazee, upimwe presha na sukari, na umwambie daktari habari ya huzuni hiyo kwa kinywa chako, bila kuificha kwa sababu tu wewe ni wa kada hiyo. Nenda wiki hii, kabla wageni hawajaanza kuingia.