Umefunga siku tatu na ishara haijaja

Dada, Bwana Yesu asifiwe. Umeuliza kama uache genge lako la Mbuyuni hapa Moshi uende kwenye kazi uliyoitiwa Arusha, na unasema umefunga siku tatu hujaona ishara.

Mimi ishara siziombi sana. Gideoni aliomba ya ngozi ya kondoo mara mbili, na Mungu alikuwa ameshamwambia la kufanya! Mtazame Paulo, Matendo 16: akazuiwa kuhubiri Asia, akajaribu kuingia Bithinia, akazuiwa tena, ndipo alipofika Troa akaoneshwa Makedonia. Angebaki amekaa, angezuiwa wapi?

Basi panda Coaster asubuhi, ni kama kilomita 80 tu. Kaione hiyo ofisi, uliza mshahara na kodi ya chumba. Genge mwachie mdogo wako hata wiki moja. Zungumza na mama, na mzee wa kanisa anayekufahamu vizuri (siyo wale wa kutanguliziwa sadaka ndipo watabiri).

Ukisikia moyo mzito, jichunguze kama siyo hofu ya kuanza upya. Mimi niliwahi kuiita hofu yangu sauti ya Roho, nikapoteza mwaka mzima. Na mkataba usisaini kabla hujausoma.