Gesi ya AC inaisha kila baada ya miezi miwili

SWALI: Nina Toyota ya mwaka 2005. Mwaka huu nimejaza gesi ya AC mara tatu. Inapoza vizuri kama miezi miwili, kisha upepo unaanza kutoka wa uvuguvugu. Fundi anasema gari la zamani linakula gesi. Ni kweli? (Msomaji, Tanga)

JIBU: Si kweli, na tafadhali usilipie mara ya nne kabla tundu halijapatikana. Gesi hailiwi kama petroli. Inazunguka humo humo miaka nenda rudi, kwa hiyo ikipungua imetoka nje.

Anza na geji ya kupima shinikizo, injini ikiwa imezimwa na imepoa. Pande zote mbili, wa shinikizo la juu na wa shinikizo la chini, zisome sawa. Kwenye joto la nyuzi 30, R134a (aina ya gesi iliyo kwenye AC ya gari kama lako) husoma karibu psi 95 (psi ni kipimo cha shinikizo). Ikisoma 40, mfumo umekaribia kuwa mtupu. Lakini hapa wengi hudanganyika: maadamu imebaki gesi kidogo ya majimaji ndani, geji itasoma 95 hiyo hiyo, iwe kuna gramu 200 au 500. Kiasi halisi hujulikana kwa mizani tu, gesi ikitolewa kwa mashine na kupimwa. Kibandiko kilicho chini ya boneti ndicho kinachosema gari lako linataka gramu ngapi. Magari mengi madogo huchukua kati ya 400 na 600.

Halafu tumia macho. Ndani ya gesi yanatembea mafuta ya kompresa (pampu inayosukuma gesi), na gesi inapotoroka huyaacha mlangoni. Tafuta kiungo cha bomba kilichoganda vumbi jeusi lenye unyevunyevu wakati bomba lenyewe ni kavu. Chunguza uso wa kondensa (sehemu inayotoa joto la gesi nje), pale mbele ya rejeta, maana kokoto za barabarani huipiga na kuacha doa dogo la mafuta. Tazama pia nyuma ya puli ya kompresa: sili ya shafti ikichoka, mafuta hurushwa kwa duara hadi chini ya boneti.

Usisahau valvu mbili za kujazia. Fungua vifuniko, weka tone la maji ya sabuni ndani ya kila mdomo, subiri dakika 2. Povu likipanda, umepata mwizi kwa bei ndogo kabisa: ni kubadilisha kijiti cha valvu. Na kifuniko chenye mpira kirudishwe, maana nacho ni kizuizi.

Kwa kuwa gesi yako inadumu miezi miwili, tundu ni dogo na sabuni huenda isilione. Mwambie fundi atie rangi ya kumulika, kwa kipimo cha chupa yake tu, pamoja na gesi kamili. Tembelea gari huku AC imewashwa kwa siku kadhaa, kisha amulike kwa taa ya UV gizani akiwa na miwani ya njano. Palipotoboka patang'aa kijani. Afute mabaki kwenye valvu kila akimaliza kujaza, la sivyo taa itamwonyesha tundu lisilokuwepo.

Kuvuta vakyumu (kunyonya kila kitu kutoka ndani ya mfumo) nusu saa na kuona sindano imetulia si ushahidi tosha. Vakyumu hunyonya kwa nguvu isiyofika psi 15, tena kwa kuingiza ndani, wakati AC ikifanya kazi upande wa juu husukuma kwa psi 200 na zaidi kutoka ndani. Kipimo cha maana ni naitrojeni kavu: gesi yote itolewe kwanza, halafu naitrojeni ipitishwe kwenye regyuleta (kifaa cha kudhibiti shinikizo) hadi psi 150, na viungo vipakwe sabuni. Oksijeni haitumiki kamwe, kwani ikikutana na mafuta inaweza kulipuka. Upepo wa kompresa ya gereji nao usitumike, kwa sababu unaingiza unyevu.

SWALI: Fundi hajaona tundu nje, sasa anataka kushusha dashibodi nzima. Nikubali? (Msomaji, Mombasa)

JIBU: Bado. Hakikisha kwanza mfumo una gesi ya kutosha. Washa AC dakika 10, zima gari na feni, ngoja dakika 15. R134a ni nzito kuliko hewa, kwa hiyo ikivuja ndani ya dashibodi hushuka kwenye paipu inayodondosha maji chini ya gari. Weka kinusio cha elektroniki mdomoni mwa paipu hiyo bila kugusa maji. Kikilia mara mbili tatu mfululizo, au rangi ikionekana kwenye matone, hapo kushusha dashibodi kuna sababu. Ukiibadilisha evaporeta (sehemu ya kupoza hewa iliyo ndani ya dashibodi), badilisha na oringi zote (pete za mpira za viungo) pamoja na draya (kinachonyonya unyevu) siku hiyo hiyo, kisha weka filta mpya ya kabini: majani na vumbi vinavyokaa na unyevu juu ya evaporeta ndivyo huitafuna.

SWALI: Ile dawa ya kuziba matundu inayouzwa kwenye makopo inafaa? (Msomaji, Morogoro)

JIBU: Hapana. Nyingi hugandishwa na unyevu na hewa, na unyevu ukiwa umeshaingia ndani, huganda kwenye valvu nyembamba ya kupanulia gesi. Gereji yenye mashine ya kutoa gesi inaweza kulikataa gari lako, kwa sababu dawa hiyo huharibu mashine. Kama imeshatiwa, mwambie fundi kabla hajaunganisha mipira yake.