Kucheza tanki kwa intaneti ya Tanga

Mkuu mleta mada, umeuliza mawili: kama mwenye intaneti ya kusuasua anaweza kucheza tanki (yule anayewavuta maadui wampige yeye badala ya wenzake) kwenye mchezo wa mtandaoni wa Final Fantasy XIV, na kama ni kweli tanki hutukanwa kila siku. Mimi niko Tanga, Chumbageni, nacheza Paladin, kazi ya tanki mwenye upanga na ngao, mwaka wa tatu sasa kwa laptopu tunayogombania na mdogo wangu. Unaweza, na matusi si mengi kama wanavyokutisha. Ila kuna mambo ningeambiwa mapema nisingeaibika.

Danjeni ni eneo la maadui mnaloingia kwa kundi, na ya kwanza, Sastasha, unaingia ukiwa levo ya 15. Mnakuwa wanne: tanki mmoja, mganga mmoja, wapigaji wawili. (Nasema mganga kwa makusudi. Wale wanaoandika "hila" kwa kuiga "healer" ya Kiingereza wananichekesha, hila kwetu ni jambo jingine kabisa.) Sastasha ni pango la baharini lenye maharamia. Nikaingia kifua mbele, nikarusha ngao, nikachomoa upanga. Madude yakanipita kama sipo, yakamwendea mganga. Nami nyuma yao, mbio, kama mtu anayefukuza kuku waliomponyoka. Mganga akafa, kisha sote. Kumbe sikuwasha Iron Will.

Kitufe hicho ndicho kinachokufanya tanki. Kikiwa kimewaka, kila pigo lako linawachokoza maadui kuliko la mwenzako yeyote, kwa hiyo wanabaki na wewe. Kikizimika, wewe ni mpigaji dhaifu mwenye ngao. Ukichagua Warrior, kazi nyingine ya tanki, utakikuta kwa jina la Defiance. Ukibadili kazi kinazimika, basi kabla hujapiga hatua ya kwanza itazame alama yake. Mimi hadi leo naitazama mara mbili, kama mtu anayepapasa funguo mfukoni kabla hajafunga mlango.

Sasa intaneti. Chagua seva za Ulaya. Hapa kwangu ping (muda wa taarifa kwenda kwenye seva na kurudi) ikitulia inacheza kati ya milisekunde 170 na 200, jioni inapanda, na bado nacheza. Siri ni moja: duara la rangi ya chungwa, yaani alama ya pale pigo litakapotua, likitokea chini ya miguu, usingoje kuuona moto. Mchezo huu unaamua nani kapigwa pale unapojaa ule mstari wa kwenye skrini unaoonyesha bosi, yaani adui mkubwa, anaandaa pigo, na moto unaonekana baadaye. Mwenye mtandao mzuri anaweza kuiba sekunde ya mwisho. Sisi hatuna sekunde hiyo. Toka mapema. Uzuri wake, duara likishafutika unaweza kurudi ndani huku moto unawaka na usiungue. Mara ya kwanza nilidhani ni hitilafu. Kinga, yaani vitufe vya kupunguza maumivu, nazo hivyo hivyo, bonyeza wakati mstari uko nusu.

Kuhusu kinga, hapa ndipo wageni wengi wanapokosea, nami nilikosea kwa miezi. Nilikuwa naiweka kinga iitwayo Rampart kwa ajili ya bosi, kama mtu anayeficha vyombo vizuri vya wageni. Rampart inapunguza maumivu kwa asilimia 20 kwa sekunde 20, na tangu uibonyeze inarudi baada ya sekunde 90. Ukiificha, inalala bure. Tena bosi wa danjeni mara nyingi haumizi kama kundi la madude nane yanayokupiga kwa pamoja. Itumie hapo. Ikiisha, washa nyingine, usizimwage zote kwa mkupuo. Na ukifika levo ya 32 utapata Arm's Length. Watu wanaiona ya kuzuia kusukumwa tu, wakati kila adui anayekupiga ikiwa imewaka anapungua kasi ya kupiga kwa asilimia 20, kwa sekunde 15. Kwenye kundi kubwa ni dawa.

Mwendo ndio kazi yenyewe. Tulipokuwa shule walitupeleka Mapango ya Amboni. Anayetutembeza alitangulia na tochi, na kila penye dari fupi alisimama, akamulika juu, akangoja mtoto wa mwisho ainame apite, ndipo akaendelea. Hakukimbia, wala hakugeuka kila mara kuuliza kama tupo. Tanki mzuri anatembea vile. Unakusanya kundi, unafika mahali, unasimama. Ukiendelea kurudi nyuma hatua mbili mbili kwa woga, madude yanatawanyika na wapigaji wanapiga hewa. Bosi mgeuze awape wenzako mgongo, kisha tulia, maana kuna wapigaji ambao pigo lao linakuwa na nguvu zaidi likitoka nyuma au ubavuni. Ukizunguka kama pia, unawanyima.

Kama unaogopa watu, danjeni za hadithi kuu unaweza kuzicheza na wahusika wa kompyuta, kwa Duty Support. Hawatukani. Nenda Sastasha nao mara tatu, kisha ndiyo uingie na binadamu. Ukiingia, andika kwa Kiingereza, hata kiwe cha kuombea maji, kwamba ni mara yako ya kwanza. Mstari huo umeniokoa kuliko ngao yoyote.

Matusi? Nimetukanwa mara mbili ninazozikumbuka, zote na wapigaji waliotangulia mbele yangu wakachokoza madude wenyewe. Lakini siku moja tukiwa danjeni ya Haukke Manor, bosi wa mwisho, umeme ukakatika. Laptopu ina betri, ruta haina. Nikawasha hotspoti ya simu, bando limeisha. Hadi ninunue na kuingia tena, dakika kama kumi. Nikajua wameshanitoa. Nikawakuta wote watatu wamekaa sakafuni nje ya chumba cha bosi, na mganga kaandika: "taa zimerudi?" Kumbe kabla ya kupotea nilikuwa nimewahi kuandika neno moja tu, taa.

Anza na toleo la majaribio, ni bure hadi levo ya 70, ila pakua usiku maana ni makumi ya GB. Kwenye majaribio huwezi kualika mtu kundini, kwa hiyo ukifika levo ya 15 niandikie seva yako hapa, nitakualika mimi. Nitakuwa mganga siku hiyo.